Nakala ya Njano

Alfajiri ya Alhamisi, kengele za baiskeli
hazijaamka bado huku Makorora,
nashuka mtaroni na glavu mbili,
zote za mkono wa kulia.
Za kushoto, walisema bohari, zitakuja robo ijayo.

Nina kitabu cha faini, kalamu yenye kamba,
na mgambo mmoja, Shekue, asiyevumilia harufu.
Juu yetu bango la halmashauri:
USITUPE TAKA HAPA. FAINI SH. 50,000.
Mtu amekwangua herufi tatu za mwanzo.
Bango sasa linaomba: TUPE TAKA HAPA.
Na watu wetu wakarimu, wametupa.

Kazi yangu ni kusoma.
Napasua kiroba, natafuta jina.
Maganda ya muhogo hayana mwenyewe.
Pampasi haina mwenyewe.
Lakini kadi ya kliniki inaye,
na daftari la darasa la tatu lina mtoto, lina shule,
lina mwalimu wa wino mwekundu: Jitahidi.

Hivyo ndivyo tulivyompata mwenye mgahawa,
aliyeikana mifupa yake mmoja mmoja
hadi Shekue alipomwonyesha kadi ya arusi,
jina lake na la mkewe, imelowa mchuzi.
Alilipa. Akanitazama
kama mimi ndiye ninayenuka.

Mama Mhina hakulipa.
Alinishika mkono, akaniingiza uani,
viroba saba vimejipanga ukutani kama wagonjwa.
"Gari lenu nalilipia elfu mbili mbili tangu Rajabu.
Lilipita lini? Nitajie siku, nami nitoe faini."
Sikuwa na siku. Nilifunga kitabu.
Kwenye ripoti niliandika: Ameelimishwa.

Leo kiroba cha kijani, kimefungwa kwa katani,
fundo la kuzungusha mara mbili na kupenyeza.
Mikono yangu ililijua fundo lile
kabla yangu mimi.
Ndani: magamba ya changu, makapi ya chai,
boksi la vidonge vya presha,
bili ya maji ya Februari.
Shekue akasogea asome. Akasoma.
Akageuka kutazama upande wa reli
kana kwamba kuna treni inakuja.

Kila Jumatano jioni Kibwana wa guta hugonga lango.
Nampa mia tano. "Ahsante, Bibi Afya."
Anakanyaga pedeli, taka zangu zinakata kona,
nami narudi kumenya vitunguu.
Miaka miwili. Sikumwuliza hata mara moja
anakwenda nazo wapi,
mimi ninayeuliza mtaa mzima.
Kwa mia tano ile sikununua usafi.
Nilinunua kutouliza.

Watu wameanza kusimama ukingoni.
"Nyani..." akaanza Mama Mhina, kanga begani,
kisha akauona uso wangu,
akamwacha nyani bila mkia.

Shekue ananong'ona: "Kiroba kimoja tu, dada.
Tukichanganye na vingine."
Glavu yangu ya kulia iliyo mkono wa kushoto
imekwisha kukishika, imekwisha kukiinua.
Kizito. Sikujua nyumba ya mtu mmoja
inaweza kuwa nzito hivi.
Nikakiweka chini.

Nimepanga karatasi za kaboni.
Jina: Mwanamkasi Singano.
Kazi: hapa kalamu imesita kidogo.
Kazi: Afisa Afya wa Kata.
Kosa: kama lilivyo kwenye bango,
pamoja na zile herufi tatu.

Nyeupe ni ya mkosaji, naikunja, naitia kifuani.
Ya waridi ni ya mhasibu.
Kibwana nitamtafuta leo jioni.
Mama Mhina nitamtafutia siku yake,
hata ikibidi nikae juu ya meza ya mtu wa magari.
Ya njano hubaki kitabuni.
Ndiyo maana nimeikandamiza kalamu
mpaka chini kabisa,
isomeke.